Kutambua bakteria kwa leza na chembe nano za fedha: kazi iko kwenye kuosha

Juzi nilikaa na mwanafunzi aliyekaribia kukata tamaa: kila bakteria aliyempima kwa njia ya Raman (leza hupigwa kwenye sampuli, na chembe za fedha hukuza mwanga unaorudi) alimpa spektra ileile, yaani mchoro uleule wa vilele vya mwanga huo. Nilimwelewa, maana na mimi nilishapita humo.

1. Chembe. Chemsha miligramu 90 za nitrati ya fedha katika mililita 500 za maji yaliyokenekwa, dondoshea mililita 10 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1, kisha endelea kuchemsha kwa saa moja huku ukikoroga. Kilele cha ufyonzaji wa mwanga kikiwa karibu na nanomita 420, umefaulu. Dhahabu hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika, lakini mimi ni mtu wa fedha: hukuza mwanga vizuri zaidi.

2. Bakteria. Otesha usiku mmoja. Jizoeze na E. coli K-12 asiye na madhara. Vimelea vya kweli vina maabara zake.

3. Kuosha. Hapa ndipo nilipopoteza siku 4. Mchuzi wa kuoteshea una protini na chumvi tele, na vyote hukimbilia kwenye fedha kabla ya bakteria. Usipoosha, unasoma mchuzi. Nikaosha kwa bafa ya fosfeti yenye chumvi (maji ya chumvi yanayotunza kiwango cha asidi), kama tulivyozoeshwa. Chembe zikagandana zote na kuzama chini. Kugandana kidogo kunatakiwa, kwa kuwa mwanga hukuzwa sana kwenye nafasi finyu kati ya chembe na chembe, ila kuwe kwa kiasi ulichokipanga wewe.

Basi osha kwa maji yaliyokenekwa, mara 3, sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili bakteria watuame chini) ikienda mwendo wa wastani. Lakini maji matupu nayo yana lake: bakteria akiwa na njaa na dhiki hutoa nje adenini (moja ya kemikali zinazounda DNA) na jamaa zake, nazo hupandisha kilele kikubwa karibu na 730 kwa sentimita, kipimo cha nafasi kwenye spektra. Ukimpima mmoja baada ya dakika 10 na mwingine baada ya saa nzima, tofauti utakayoiona ni ya saa yako, si ya bakteria. Weka muda uleule kwa kila sampuli. Na maji ya juu ya mwosho wa mwisho usiyamwage: yachanganye na fedha, uyasome peke yake. Mwanafunzi wangu alipofanya hivyo, kilele chake chote kilikuwa mle majini.

4. Changanya, dondosha, soma. Sahihisha mashine kwanza kwa kipande cha silikoni, ambacho kilele chake kiko 520.7 kwa sentimita. Tumia leza ya nanomita 785. Ya 532 huamsha mng'ao unaofunika kila kitu. Nguvu iwe ndogo. Vikitokea vilima viwili vipana karibu na 1350 na 1580, umeunguza sampuli. Hiyo ni kaboni.

5. Kutambua. Usimtaje bakteria kwa kilele kimoja. Soma madoa mengi kwenye kila tone, linganisha umbo zima la spektra kwa programu ya takwimu, na uwajaribu bakteria waliooteshwa siku nyingine, si wale uliowatumia kuifundisha programu.