Beji ya Keya kwenye sanduku la babu: jinsi ya kuitambua na kuomba kumbukumbu za batalioni yake

Kitambaa chenye kichwa cha kifaru, kama kimehifadhiwa na familia ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, ambalo askari wake waliitwa Keya), mara nyingi ni beji ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Wengi wakishajua hilo huandika ombi papo hapo wakitaja jina la babu na divisheni, na ombi haliwafikishi popote. Beji hiyo ilivaliwa na divisheni nzima: Keya wa bunduki, wapiga mizinga, madereva, wahudumu wa wagonjwa. Kumbukumbu zimepangwa kwa batalioni, kwa hiyo batalioni ndiyo ya kutafuta.

Kwanza beji yenyewe. Usiifue wala kuipiga pasi. Rangi za beji zilizochapwa hutoka, na matundu ya sindano pembeni ni ushahidi kwamba iliwahi kushonwa kwenye nguo. Ipige picha mbele na nyuma kwa mwanga wa mchana, rula ikiwa kando, kisha andika vipimo kwa milimita. Geuza utazame mgongo: je, ni pamba iliyochapwa au ni uzi uliotariziwa? Ukikuta utando wa plastiki au gundi ya kubandikia kwa pasi, hiyo imetengenezwa miaka mingi baada ya vita. Ile taa ya kukagulia noti nayo husaidia, maana uzi wa kisasa hung'aa weupe wa buluu gizani. Lakini beji halisi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nayo hung'aa, basi usiitupe kwa sababu ya taa peke yake.

Sasa batalioni. Pekua cheti cha kuachishwa jeshi, barua, hata maandishi nyuma ya picha, ukitafuta namba inayofuatwa na herufi. Katika divisheni hii batalioni za KAR zilikuwa pamoja na: ya 11 ya Kenya (K), za 26 na 36 za Tanganyika (TT), za 4, 34 na 44 za Uganda (U), za 2 na 22 za Nyasaland, Malawi ya leo (N). Nyota za medali za Vita Kuu ya Pili hazitakusaidia hapa, kwani Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina la askari.

Ukishaipata namba, ingia katika katalogi ya mtandaoni ya The National Archives, iliyopo Kew, London. Kutafuta ni bure. Chagua mfululizo wa WO 172, wenye shajara za vita za batalioni hizo, andika King's African Rifles pamoja na namba ya batalioni, na uweke mwaka 1944. Nakili rejea yote, pamoja na tarakimu zilizo baada ya alama ya mkwaju (/). Bila hizo ombi halina jalada. Omba nakala: hulipiwa kwanza ada ya kuhesabu kurasa, kisha unaletewa bei. Taja miezi, Agosti hadi Desemba, kipindi cha mapigano ya Bonde la Kabaw huko Burma mpaka kutekwa kwa mji wa Kalewa, la sivyo utalipia kurasa usizozihitaji. Ukiwa na ndugu Uingereza, nafuu zaidi ni yeye kuchukua kadi ya msomaji, ambayo ni bure, akiwa na kitambulisho cha jina na uthibitisho wa anwani, apige picha jalada kwa simu yake.

Shajara hizo huwataja zaidi maofisa Wazungu. Askari wa kawaida utampata kupitia mahali na tarehe: batalioni ililala wapi, ilishambuliwa lini.

Kama babu hakurudi, tafuta pia katika orodha ya bure ya Commonwealth War Graves Commission, yenye waliofariki hadi 31 Desemba 1947. Majina yaliandikwa na makarani kwa masikio yao: Hamisi anaweza kuwa Khamis au Amisi, na jina la baba likakaa mahali pa ukoo. Jaribu kila tahajia, au tumia namba ya askari kama unayo.