Kumvusha mbwa Mto Ruvuma kwenda Msumbiji

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani ndiyo inayowakwamisha wengi. Mbwa awe ametimiza miezi 3, kisha zipite siku 30 kabla ya safari; ukichanja leo ukaondoka kesho, kinga haijajengeka. Kadi iwe na tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi na mhuri. Kadi isiyo na namba hiyo ni karatasi tu.

Kibali cha kuingiza mnyama hutoka Msumbiji, kwa hiyo kiombwe mapema. Cheti cha afya ndicho cha mwisho: daktari wa mifugo wa serikali ampime mbwa siku chache kabla ya kuondoka, maana huisha muda haraka. Beba nakala, na tafsiri ya Kireno. Ng'ambo, Kireno ndiyo lugha ya ofisi.

Kwa gari, Daraja la Umoja pale Mtambaswala lina uhakika kuliko kivuko cha Kilambo, kinachotegemea maji ya mto.

Usimlishe ndani ya saa 4 kabla ya safari, atatapika; maji mpe kidogo kidogo. Tundu la kumbebea limtoshe kusimama na kugeuka. Na kamwe usimfungie garini juani, hata dakika 10 za foleni.