Kukokotoa umbali na muda wa safari ndefu ya ndege

Kama tiketi yako inasema unaondoka Auckland, New Zealand, saa 20:00 na kutua Los Angeles saa 13:00 tarehe ile ile, usikimbilie kupiga simu kulalamika. Nimemsaidia ndugu yangu kuipigia hesabu safari ya namna hiyo, na hivi ndivyo inavyofanyika.

Hatua ya 1. Tafuta herufi tatu za kila uwanja. Hapa ni AKL na LAX.

Hatua ya 2. Pata umbali. Achana na rula na ramani bapa, kwani njia fupi ya ndege hufuata mviringo wa dunia na kwenye ramani hiyo huonekana imepinda. Mimi hutumia tovuti ya Great Circle Mapper na sioni sababu ya kuhangaika na kingine: andika AKL-LAX, utapata takriban kilomita 10,480. Ukipewa maili, angalia ni zipi. Ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini ni 1.852.

Hatua ya 3. Kadiria muda wa angani. Gawa umbali kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Safari yetu inatoka saa 12 na dakika chache. Kumbuka upepo wa juu unaovuma kuelekea mashariki: London hadi New York ni kama saa 8, kurudi ni kama 7.

Hatua ya 4. Saa ya kutua. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua moja kwa moja. Pitia UTC kwanza, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo, kila mara. Mwezi Julai Auckland iko mbele ya UTC kwa saa 12, Los Angeles iko nyuma kwa saa 7. Basi 20:00 ya Auckland ni 08:00 UTC. Ongeza saa 12 za safari, ni 20:00 UTC. Toa 7, unapata 13:00, na tarehe haijabadilika kwa kuwa ndege imevuka mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki, ambapo ukielekea mashariki unarudi siku moja nyuma.

Ila usikariri hiyo tofauti ya saa 19. Januari ni majira ya joto New Zealand, saa zao zimesogezwa mbele hadi 13, huku Los Angeles ikiwa nyuma kwa 8. Tofauti inakuwa 21, na ndege ya 20:00 inatua 11:00. Tena nchi hizi hazibadilishi saa siku moja: kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili tofauti ni 20. Kwa hiyo tazama saa za tarehe ya safari, wala si za leo unapokata tiketi.

Na hesabu zote zifanye kwa saa za tiketi, yaani 20:00. Ukishamaliza kabisa ndipo useme saa mbili usiku. Ukigeuza katikati, utajikuta umepoteza saa sita usijue zimeishia wapi.

Hatua ya 5. Ukiunganisha ndege, piga hesabu ya kila kipande peke yake, kisha ongeza muda wa kusubiri uwanjani.