Jinsi ya kumsimulia panya

Jioni hapa Ngamiani, Tanga, wajukuu wakishakaa mkekani, naanza: "Hadithi, hadithi!" Wakiitikia "Hadithi njoo," usikimbilie kusema panya ni mwizi. Anza na masikio. Shusha sauti, kwaruza ukucha kwenye mkeka: kwaru, kwaru, kimya. Kwaru. Hapo hata yule mtundu hukunja miguu.

Kisha mpe panya tabia. Wazee walishatuachia: anauma huku akipuliza. Mwonyeshe akikuguguna kisigino usingizini. Anang'ata, anapuliza, wewe unahisi kaubaridi tu. Asubuhi ngozi imeliwa. Huyo ndiye rafiki mnafiki, na mtoto humwelewa mara moja. Ukitaka kundi zima, upo usemi kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Waache wagombane wenyewe.

Lakini usiwaachie watoto panya mbaya peke yake, mimi hilo siliwezi. Nawapa Magawa, panya buku aliyefunzwa hapa hapa Tanzania, akaenda Kambodia kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu. Kwake nainua pua, nanusa taratibu, kushoto, kulia. Wajukuu wote hunusa nami.