Somo: Pikipiki ya zamani haina filta ya oili? Fungua kava kwanza

Mwezi huu nimeulizwa jambo moja mara tatu, mara mbili nikiwa gereji hapa Ngamiani, Tanga, na mara moja nikitoka msikitini: "Fundi, pikipiki yangu ni ya zamani, haina filta ya oili. Niifungie?" Kila anayeuliza ameiona filta ya karatasi kwenye pikipiki mpya ya jirani, akahisi yake imepunjwa.

Haikupunjwa. Injini nyingi za zamani zina namna yake ya kukamata uchafu, ila imejificha ndani. Dukani huipati, kwenye kiboksi haipo, na kwa kuwa haionekani, watu wanamwaga oili miaka kumi bila kuigusa. Kabla hujaongeza chochote, ijue njia ya uchafu katika injini yako, na ujue mara ya mwisho uchafu huo ulitolewa lini.

Nililijua hili kwa hasara. Nilinunua Honda CG125 kwa mtu wa Muheza, oili yake inang'aa kama asali. Baada ya miezi miwili ikaanza kugonga chini. Nilipofungua kava la upande wa klachi nikakuta kikombe cha kwenye kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) kimejaa tope la kijivu lililokauka kama udongo wa mfinyanzi, limeacha kitundu kidogo katikati. Oili ilikuwa ikimwagwa na kujazwa kwa wakati, lakini iliyofika kwenye beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikuwa haba. Beringi ilikuwa imeshakwisha.

Uchafu unakamatwa wapi

Wavu wa waya. Upo karibu katika kila injini ya zamani, chini, kabla ya pampu. Kazi yake ni kuizuia pampu isimeze vipande vikubwa: gasketi iliyokatika, jino la gia, kipande cha klachi. Vumbi laini linapita humo kama maji kwenye kung'uto.

Kikombe kinachozunguka. Hiki ndicho kilichomo kwenye Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, kwenye Honda C50, C70 na C90, na kwenye injini nyingi za Kichina zilizoinakili CG, zile tunazoziona kila siku kwenye bodaboda. Kimefungwa mwisho wa kranki. Oili inaingia katikati, kikombe kinazunguka na kranki, na chembe nzito zinatupwa ukutani na kuganda hapo. Fanya hesabu: kranki ikizunguka mara 6000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde, na chembe iliyo sentimita 2.5 kutoka katikati inasukumwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 1000 ya uzito wake. Hakiuzuii mtiririko kama karatasi iliyoziba inavyouzuia, na hakina cha kubadilisha. Kinachotakiwa ni kukisafisha tu. Mimi nakiheshimu sana kifaa hiki.

Mrija ndani ya kranki. Injini za Kiingereza zenye silinda mbili, BSA na Triumph za miaka ya 1950 na 1960, zina mrija wa kukusanya tope katikati ya kranki yenyewe. Akili ni ile ile ya kikombe, lakini ili kuusafisha lazima ushushe injini na kuitoa kranki. BMW R50 na R60 za wakati huo nazo zina visahani vya kutupa uchafu vilivyofungwa kwenye kranki, na kuvifikia ni kazi kubwa vilevile.

Halafu kuna za zamani zenye filta ya karatasi tangu kiwandani. Honda CB750 ya mwaka 1969 ni mojawapo. Kama yako ni ya aina hii, badilisha filta kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Mengine humu hayakuhusu sana.

Kwa nini kiwanda kimoja kiweke karatasi na kingine kisiweke? Angalia beringi. Kranki ya CG inakaa juu ya beringi za gololi, na konrodi yake ina beringi ya roli. Hizo zinavumilia uchafu kiasi, na hazidai presha kubwa ya oili. Injini yenye metali za konrodi, vile vipande laini vya nusu duara, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Hapo chembe ndogo kuliko unywele inachora, na mchoro hauondoki.

Kusafisha kikombe na wavu, hatua kwa hatua

Naeleza kwa CG na jamaa zake, kwa kuwa ndizo nyingi Tanga. Kwenye C90 kikombe kimo ndani ya kifuniko cha klachi, lakini mwendo wa kazi ni ule ule.

1. Washa injini dakika tano. Oili ya moto inatoka na uchafu wake, ya baridi inauacha chini.

2. Mwaga kwenye beseni jeupe. Nasisitiza jeupe. Subiri itulie, kisha inamisha beseni polepole juani. Vumbi la kijivu laini ni la kawaida. Vipande vya rangi ya dhahabu ni shaba, kuna bushi inayolika. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivishiki mara nyingi ni aluminiamu, na hapo usiendelee kuendesha kabla ya kujua vinatoka wapi.

3. Toa wavu. Kwenye injini nyingine unatoka na nati kubwa ya chini pamoja na springi yake, nyingine mpaka kava lifunguliwe. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki laini, uinue kwenye mwanga. Ukitoboka, tupa.

4. Ondoa kiki, legeza waya wa klachi, na kama ekzosi au sehemu ya kukanyagia inaziba njia, iondoe pia. Bolti za kava hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu la fupi inapasua bodi ya injini, na nimeiona ikitokea.

5. Vuta kava kwa mikono. Likigoma, ligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Usichomeke bisibisi kati ya kava na injini, utachimba sehemu ya gasketi na litavuja milele. Ukiona kijibomba na springi katikati ya upande wa ndani wa kava, kitunze. Hicho ndicho kinachoingiza oili kwenye kikombe.

6. Kikombe kina kifuniko kilichofungwa kwa skrubu ndogo, ngumu kweli. Tumia bisibisi ya kugonga, yenye kichwa kinachoingia sawasawa. Ukishaharibu kichwa cha skrubu moja, siku yako imeisha.

7. Komba tope kwa kijiti cha mbao au cha plastiki. Chuma kinakwaruza. Hapa nenda polepole: katikati kuna tundu linalopeleka oili kwenye konrodi, na tope ukilisukuma humo umefanya kazi ya kinyume. Ziba tundu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, komba, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ndipo utoe kizibo. Usipulize upepo wa kompresa kuelekea kwenye tundu.

8. Rudisha kifuniko na gasketi yake ndogo nzima. Gasketi mpya ya kava, bolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo.

9. Jaza takriban lita moja, lakini mwamuzi ni stiki ya kupimia oili. Pikipiki isimame wima, stiki iingizwe bila kukazwa kwa nyuzi. Washa, iache ingurume taratibu dakika mbili tatu, zima, subiri, pima tena.

Kila baada ya muda gani? Mimi kikombe nakifungua kila kilomita 10,000, na kwa anayepita kwenye vumbi jekundu la mashamba ya mkonge au kupandisha milima ya Amani, mapema zaidi. Oili yenyewe usingoje. Injini inayobeba lita moja tu inachafuka haraka, na kumwaga kwa wakati ndiyo filta ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Kijana wa bodaboda, Makorora: Shikamoo fundi. Yangu ni ya Kichina 125, namwaga oili kila kilomita 1000. Kuna mtu ameniambia anaweza kunifungia filta ya gari pembeni kwa mipira. Nikubali?

Marahaba mwanangu. Usikubali. Pampu yako ni ndogo, haikutengenezwa kusukuma oili kwenye mipira mirefu na karatasi nene. Kila kiungo unachoongeza ni mahali papya pa kuvuja, na mpira ukichomoka barabara ya Pongwe injini inakufa kabla hujaona taa ya kwanza ya mji. Kilomita 1000 ni vizuri mno. Ongeza kukisafisha kikombe, inatosha.

Mwanachama wa Raskazone: Nimerithi BSA A65 ya marehemu baba. Imesimama muda mrefu. Huku naambiwa nifunge filta, kule naambiwa niiache kama ilivyotoka kiwandani.

Mungu amrehemu mzee. Kwako mimi nasema funga, kwa sababu A65 ina metali za konrodi. Lakini kuna mpangilio. Kwanza mrija wa tope ndani ya kranki usafishwe, maana hujui umejaa kiasi gani. Ukiweka oili ya kisasa yenye sabuni (kemikali za kusafisha) juu ya tope la miaka arobaini, inaweza kulilegeza likaenda kuziba njia za metali. Filta haitakusaidia hapo, tope limeshaipita. Pili, filta ikae kwenye mpira wa kurudisha oili kwenye tangi lake la oili, kamwe isikae kwenye mpira wa kupeleka. Upande wa kurudisha wa pampu una uwezo mkubwa zaidi. Ukiiweka upande wa kupeleka ikaziba, injini inakauka. Na kila ukiiwasha, fungua tangi uchungulie: oili inayorudi lazima uione ikitoka kwa kukatakata.

Ukikuta tangi limepungua baada ya kusimama wiki kadhaa, usiongeze. Oili imeteremka ndani ya injini. Imwage chini kwanza, ndipo ujaze.

Huyo huyo: Na je, jirani ana BSA M20 ya jeshi, naye afunge?

Ile iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili? Konrodi yake ni ya roli. Asafishe wavu, amwage oili mara kwa mara, aiache katika umbo lake. Akitaka kuweka kwenye mpira wa kurudisha haitadhuru, ila mimi nisingeigusa.

Dada wa Pongwe: Yamaha DT yangu nimeitafuta filta kote sijaiona.

Dada yangu, injini yako ni ya mipigo miwili. Oili ya injini inaungua pamoja na petroli, hairudi kuzunguka, kwa hiyo hakuna cha kuchuja. Oili ya gia ni nyingine, iko peke yake, imwage kwa wakati wake. Chunguza tu kijiwavu cha tangi la oili, na uhakikishe mipira yake haijapasuka.

Mwanachama wa Chumbageni: Sumaku kwenye bolti ya kumwagia inasaidia?

Inasaidia kwa chuma. Mchanga, shaba na aluminiamu haivishiki. Iweke, lakini isikufanye uahirishe kusafisha.

Mwanachama wa Chumbageni tena: Fundi mmoja hujaza dizeli, huwasha injini dakika chache, kisha humwaga. Anasema inasafisha ndani.

Mwambie asikufanyie. Dizeli inaondoa utando wa oili kwenye beringi huku injini inazunguka, na tope linalolegezwa linaelekea kule kule tusikotaka liende. Kikombe hakisafiki kwa dizeli hata kidogo. Tope lake limegandamizwa, linataka kijiti.

Mwanafunzi wa ufundi: Gasketi ya kava sijaipata dukani. Naweza kukata mwenyewe?

Unaweza. Nunua karatasi ya gasketi, si boksi la sabuni. Ilaze juu ya kava, pitisha kidole chenye oili kwenye kingo zote upate alama, kisha ukate. Hesabu matundu mara mbili: yapo ya bolti, na huenda likawepo dogo ambalo halina bolti. Hilo dogo ndilo njia ya oili. Gasketi isipotobolewa hapo, umeifungia injini chakula chake. Kata, niletee Jumamosi asubuhi tuilinganishe na ya zamani kabla hujafunga kava.