Somo: Kufufua boti kuukuu ya injini, kuanzia mbao hadi betri

Mtu anayenunua boti kuukuu huinamia injini kwanza. Atavuta kamba ya kuwashia, atasikiliza mlio, atapatana bei, na zile mbao zilizokaa majini miaka mingi hatazitazama mpaka zitakapoanza kuvuja. Somo hili linafuata mpango mwingine: mbao kwanza, injini baadaye, betri na nyaya mwisho. Injini ikizima katikati ya ziwa, bado unaweza kupiga kasia au kuomba kuvutwa, lakini ubao wa chini ukiachia hupati nafasi hiyo. Tarehe 24 Novemba 2018 boti iitwayo MV Templar ilizama Ziwa Victoria karibu na ufuo wa Mukono, nchini Uganda, na kuua watu zaidi ya 30. Polisi walieleza kwamba ilikuwa imejaza kupita kiasi na kwamba hali yake ilikuwa mbovu. Kila anayetengeneza boti itakayobeba watu na aanze kazi akiwa na habari hiyo moyoni.

Boti ninayoizungumzia ni ya mbao, ya aina inayoonekana Ggaba, Kasenyi, Masese na katika visiwa vya Ssese, yenye injini ya nje ya petroli ya mipigo miwili na nguvu za farasi kati ya 15 na 40. Kama unaikusudia kwa uvuvi wa Ziwa Victoria, pima urefu wake kabla hujanunua hata msumari mmoja, kwa kuwa kanuni zetu zimekuwa zikidai futi 28 na boti nyingi fupi zimechomwa moto ufukweni tangu 2017. Nenda kwa afisa wa uvuvi wa wilaya yako na umwulize, kisha ndipo ufungue mkoba.

Hatua ya kwanza: mbao

Ivute boti nchi kavu, ipindue juu ya magogo na uiache ikauke chini ya kivuli kinachopitisha hewa. Usiianike juani, kwa sababu mbao zilizoshiba maji zikikaushwa haraka hupasuka. Ikishakauka, ondoa vipande vyote vya bati vilivyopigiliwa juu ya mishono. Najua mafundi wengi hawapendi kuving'oa, lakini chini ya bati ndiko maji yanakojificha na ndiko uozo unakoanzia, na boti ambayo bati lake halijawahi kuondolewa haijakaguliwa.

Chukua bisibisi yenye ncha nyembamba na ubonyeze kila baada ya upana wa kiganja kando ya mkuku (uti wa chini wa boti), mahali ambapo taruma (ubavu wa ndani wa boti) linakutana na ubao, na kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Mbao nzima huikataa ncha na kutoa sauti kavu. Iliyooza huipokea bila sauti, na ukiichomoa bisibisi utaona imetoka na unga wa kahawia wenye unyevunyevu. Weka alama ya chaki, endelea mbele, usianze kukata mpaka boti nzima imekaguliwa, maana idadi ya alama hizo ndiyo itakayokuambia kama kazi hii inalipa au ni afadhali ununue boti nyingine.

Unapokata, kata mpaka uifikie mbao nzima, si mpaka pale tu weusi unapoishia. Ubao mpya uwe mkavu na wa unene uleule, na viungo vya mbao mbili zinazopakana visiangukie kwenye taruma moja, kwani hapo utakuwa umetengeneza mstari wa kuvunjikia. Tumia misumari iliyopakwa zinki. Ubao wa nyuma ufungwe kwa bolti zinazopenya na kukazwa kwa nati, wala usitegemee misumari, kwa kuwa msukumo wote wa injini hupitia hapo.

Kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao, inahitaji subira. Safisha mshono wote mpaka uone mbao tupu, kisha sokomeza nyuzi za pamba kwa patasi butu na nyundo nyepesi, tabaka kwa tabaka, na juu yake upake luji (puti ya kuzibia). Usizigandamize kupita kiasi. Mbao hufura zikirudi majini, na pamba iliyojazwa kwa nguvu nyingi kwenye mbao kavu itasukuma ubao mpaka misumari ilegee. Boti iliyokalafatiwa vizuri huvuja kidogo siku ya kwanza, kwa hiyo iache kwenye maji ya kina kifupi hadi mishono ijifunge yenyewe, na ndipo uamue kama kuna sehemu ya kurudia.

Hatua ya pili: injini

Usiivute kamba ya kuwashia hata mara moja kabla ya kufungua plagi na kutia mafuta kidogo ya injini ndani ya kila silinda. Injini iliyokaa muda mrefu huwa na ringi kavu, na mizunguko michache bila mafuta hukwaruza kuta za silinda. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole. Likizunguka bila kukwama, endelea.

Pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, kabureta ikiwa wazi kabisa. Kinachotafutwa hasa ni ulinganifu: silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, fungua kichwa utazame ringi, kuta za silinda na gasketi. Ikiwa zote zinalingana lakini ziko chini kidogo ya namba iliyo kwenye kitabu cha injini, usishtuke. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na geji huonyesha tofauti hiyo.

Kisha fungua skrubu ya chini ya sanduku la gia na uyatazame mafuta yanayotoka. Yakiwa meusi lakini safi, yabadilishe tu. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili za shafti (mipira inayozuia maji kupenya) zimechoka. Kubadilisha mafuta bila kubadilisha sili ni kutupa fedha. Mafuta mapya hujazwa kupitia tundu la chini mpaka yatokee tundu la juu, kwa sababu ukijaza kutokea juu, hewa hunaswa ndani na gia hukosa mafuta.

Pampu ya maji ndiyo inayoua injini nyingi hapa kwetu. Ndani yake kuna impela ya mpira yenye mabawa, na katika injini iliyolala utayakuta mabawa hayo yamejikunja upande mmoja na kukakamaa hivyo. Weka mpya bila kujiuliza, hata kama ya zamani inaonekana kufaa, kwani bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya pistoni. Safisha pia vitundu vya kuingizia maji, hasa kama unapita kwenye gugumaji, maana mizizi yake huviziba vyote.

Kabureta ifunguliwe, jeti (vitundu vyake vya kupitishia petroli) zipulizwe kwa hewa na zisichokonolewe kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu. Badilisha utando wa pampu ya petroli, bomba la mafuta na plagi. Weka chujio linalotenga maji, kwa kuwa petroli inayosafirishwa visiwani ndani ya jerikeni mara nyingi huwa na maji.

Mchanganyiko wa kawaida wa injini hizi ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta, yaani mililita 400 kwa jerikeni ya lita 20, isipokuwa kitabu cha injini yako kinasema vingine. Ukiwa umeweka pistoni au ringi mpya, tumia mililita 800 kwa saa 10 za mwanzo. Mafuta yawe yenye alama ya TC-W3, yaliyotengenezwa kwa injini za boti. Mafuta ya pikipiki yametengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, na yakitumika kwenye injini inayopozwa kwa maji huacha masizi kwenye plagi na ringi.

Iwashe mara ya kwanza ikiwa ndani ya pipa la maji yanayozidi kimo cha pampu. Usiiwashe katika hewa kavu hata kwa kujaribu, kwa kuwa impela huungua kwa sekunde chache. Mchirizi wa maji ukichelewa kutokea pembeni mwa injini, zima mara moja na utafute kizuizi.

Unapoifunga kwenye boti, bamba bapa lililo juu ya pangaboi (propela) liwe sawa na upande wa chini wa boti kwa nje au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Likiwa juu zaidi, pangaboi hunyonya hewa. Likiwa chini sana, boti huwa nzito na hula petroli.

Hatua ya tatu: betri na nyaya

Anza kwa hesabu. Taa 2 za LED za wati 5 zikiwaka saa 6 hutumia saa-wati 60, pampu ya kutoa maji ya wati 40 ikifanya kazi nusu saa hutumia 20, na kuchaji simu chache huchukua kama 30. Jumla ni saa-wati 110, sawa na saa-ampea 9 kwa betri ya volti 12. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo ya saa-ampea 50 inakupa 25 za kutumia, ambazo ni za usiku mbili na ziada. Paneli ya sola ya wati 50 pamoja na kidhibiti chaji inatosha kuirudishia, maana jua letu la ikweta ni la kutegemewa. Unganisha kidhibiti na betri kwanza, paneli baadaye.

Betri ikae ndani ya sanduku lenye mfuniko na matundu ya hewa, ifungwe kwa mkanda isiweze kusogea, na iwe mbali na tangi la petroli, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Fyuzi kuu iwekwe karibu kabisa na ncha chanya, ndani ya sentimita 18. Tumia nyaya za nyuzi nyingi, si zile ngumu za nyumbani, ambazo hukatika kwa mtikisiko. Unene wa milimita mraba 2.5 unatosha kwa pampu iliyo umbali wa mita 5. Pampu hiyo yenye swichi ya kuelea iwe na njia yake moja kwa moja kutoka betrini na fyuzi yake yenyewe, ili ifanye kazi hata umezima swichi kuu na kwenda kulala.

Jaribio la mwisho lifanyike kwa magunia ya mchanga yenye uzito unaokusudia kubeba, karibu na ufuo, kila aliyemo akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Abiria hawapandi kabla ya hapo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasenyi: Fundi, habari za kazi. Je, siwezi kuifunika boti nzima kwa faiba badala ya kalafati?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa boti ya mbao za kuunganishwa, sikushauri. Mbao hizo hufura na kusinyaa kila mara, ilhali faiba haisogei, kwa hiyo baada ya muda huachana. Maji yakiingia kati yake hayatoki, na ubao utaoza bila wewe kuuona. Faiba inafaa boti iliyojengwa kwa ajili yake tangu mwanzo.

Mwanachama wa Masese: Ssebo (bwana), injini yangu inanguruma vizuri pipani, lakini ziwani ikiwa na mzigo inakimbia dakika kadhaa, kisha inalegea na kuzima. Nimeshabadilisha plagi.

Jibu: Hiyo ni njaa ya petroli. Kwanza hakikisha tundu la hewa la mfuniko wa tangi limefunguliwa, maana wengi hulisahau. Kisha ikianza kulegea, mwambie mwenzako abonyeze ile pampu ya mpira iliyo kwenye bomba la mafuta. Injini ikirudia nguvu zake, kosa liko kwenye utando wa pampu ya petroli, kwenye chujio, au mahali ambapo bomba linavuta hewa. Isipobadilika, angalia jeti kuu ya kabureta.

Mwanachama wa Butiaba: Nahamisha boti kutoka Ziwa Albert kwenda Victoria. Kuna cha kurekebisha?

Jibu: Kipo. Ziwa Albert liko mita 619 hivi, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 500, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukiona haifikii mizunguko yake ya juu ikiwa na mzigo, weka pangaboi ambalo hatua yake, yaani umbali ambao linasogea mbele kwa mzunguko mmoja, ni ndogo kwa inchi 1. Usilazimishe pangaboi la zamani, maana injini inayolemewa hupata joto.

Mwanachama wa Kalangala: Mimi nina betri ya gari iliyo nzima. Nikiitumia kwa taa na pampu kuna ubaya gani, mzee wangu?

Jibu: Dada, itafanya kazi, ila haitadumu. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha mpaka nusu kila usiku, sahani zake nyembamba zitachoka upesi. Kama ndiyo uliyo nayo, itumie, lakini ipime asubuhi kwa mita ya umeme kabla paneli haijapata jua: volti 12.7 ni kwamba imejaa, 12.2 ni nusu. Usiiache ishuke zaidi ya hapo.

Mwanachama wa Ggaba: Injini yangu haina waya wa kuchaji, ila fundi mmoja ananiambia anaweza kuchukua umeme wa taa wa injini na kuupeleka betrini moja kwa moja.

Jibu: Asifanye hivyo. Umeme wa koili ya taa hubadilika mwelekeo, na betri haiupokei mpaka upitie rektifaya (kifaa kinachougeuza uwe wa mwelekeo mmoja) yenye kidhibiti cha volti. Ukishaiweka, usikate waya wa betri injini ikiwa inazunguka, kwa sababu volti hupanda ghafla na kuiunguza rektifaya hiyo.