Damu Inapovuja na Kichwa Hakina Kosa: Kuutafuta Mshipa Uliotutumka Mgongoni

Mvuvi wa Sahare anavuta jarife alfajiri, mara anahisi kama amechomwa kisu katikati ya mabega. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma, shingo inakakamaa na anatapika. Akifika Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, anayempokea huwaza malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na si kosa kuwaza hivyo, ila asiache kumuuliza maumivu yalianzia wapi. Yakiwa yalianzia mgongoni ndipo yakapanda kichwani, jibu hilo liandikwe kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe. Madaktari wa Ufaransa huyaita maumivu hayo pigo la jambia.

Hata hivyo anza na kichwa, kwa sababu takribani asilimia 85 ya damu inayovuja chini ya utando wa ubongo pasipo ajali hutokana na anurizimu, yaani mishipa ya damu iliyotutumka, za kichwani. Za mgongoni ni nadra mno. CT-skani huiona damu vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Ikiwa safi na shaka bado ipo, toa maji ya uti wa mgongo baada ya saa 12, yazungushwe kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu na maji: damu iliyoletwa na sindano huzama na kuacha maji maangavu, bali iliyovuja kitambo huyaacha ya manjano.

Anjiografia ya kichwa, yaani picha ya mishipa ya damu, isipoonyesha chanzo, lirudie faili. Pima nguvu za miguu, tafuta ganzi yenye mpaka kiwiliwilini, na papasa kibofu, maana kinaweza kujaa mgonjwa asihisi. Kisha agiza MRI ya mgongo mzima, si ya kiuno peke yake. Itaonyesha damu na uti uliobanwa, lakini anurizimu ya milimita chache huweza kuikwepa, na hapo hubaki anjiografia ya mgongo: katheta, mpira mwembamba, hupitishwa kinenani na kuingizwa katika ateri za pingili moja baada ya nyingine, bila kuiruka ile ya Adamkiewicz, ateri kubwa inayolisha sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ambayo mara nyingi huwa upande wa kushoto. Ni kazi ya subira. Wapasuaji wa ubongo Dar es Salaam wapigiwe simu mapema, na barua ya rufaa itaje mgongo. Ikitaja kichwa tu, kitapigwa picha kichwa kile kile.

Anurizimu iliyoziba kwa damu iliyoganda inaweza isionekane mara ya kwanza, hivyo kipimo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Wakati wa kungoja, pima presha mikononi na miguuni: ya miguuni ikiwa chini sana, huenda aota, mshipa mkuu utokao moyoni, imebanwa, na mbano huo ni mojawapo ya mambo yanayoitutumua mishipa ya mgongoni.